Mbwa Hasikii Tena? Rudi Naye Mwanzo, Hatua kwa Hatua

Mbwa aliyekuwa akiitwa anakuja, siku hizi ukimwita anakutupia jicho kisha anaendelea kunusa ukuta. Geti likifunguka kidogo tu, ameshachomoka hadi barabarani na bodaboda anayumba kumkwepa. Wengi husema amekuwa mkaidi, au ndivyo mbwa wa kienyeji walivyo. Mara nyingi sana si kweli. Kilichotokea ni kwamba maneno aliyofundishwa yamechakaa mdomoni mwetu: "njoo, njoo, njoo" mara kumi kwa siku bila maana yoyote, au "njoo" halafu akija anafungwa mnyororo. Mbwa amejifunza vizuri kabisa. Amejifunza kwamba kuja hakulipi.

Dawa yake ni kuanza upya kama vile hajawahi kufundishwa chochote. Chumba kimoja, maneno mapya machache, chakula kama malipo, dakika tano kwa kipindi. Mbwa wa miaka minane anaweza, na mbwa wa kienyeji wa Igoma au Buzuruga hapa Mwanza anajifunza sawasawa na yule wa mbegu ya kigeni anayelala kwenye baraza la Capri Point. Tenga wiki nne.

Mkague kwanza

Mbwa mgonjwa hafundishiki. Mpapase mwili mzima taratibu, tafuta kupe ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole na chini ya mkia. Mfunue mdomo: fizi ziwe za waridi. Zikiwa nyeupe na mbwa amenyong'onyea, hataki kula, huenda ana homa ya kupe, na huyo anahitaji daktari wa mifugo, si mwalimu. Sikio linalonuka au analolikuna bila kukoma linamfanya asikie vibaya na akatae kushikwa kichwani. Kisha simama nyuma yake, mahali asipokuona, uangushe mfuniko wa sufuria sakafuni. Asipogeuza hata sikio, huenda hasikii kwa maana halisi ya neno, na huyo utamfundisha kwa ishara za mkono.

Kuna jambo moja lisilosubiri. Mbwa mpole aliyegeuka mkali ghafla, anayetokwa na mate, anayeshindwa kumeza, sauti ya kubweka imebadilika, au anayetembea kama aliyelewa, usimguse. Funga geti akiwa ndani, watoto waingie nyumbani, mwite bwana mifugo. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara kinaua. Chanjo ya mbwa huanza akiwa na miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Kama wako hana, chanjo itangulie mafunzo.

Malipo na kamba

Andaa malipo ya aina mbili. Ya chini ni ugali wa dona uliopoa, uliokatwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi na kuchovywa kwenye supu ya mapanki, yaani mifupa ya sangara iliyotolewa minofu, isiyo na kitunguu wala chumvi. Supu tu, umeelewa: mifupa ya sangara uichuje yote, maana miiba yake hukwama kooni. Ya juu ni pafu la ng'ombe au dagaa wa ziwani. Pafu lichemshwe angalau nusu saa hadi ndani pasibaki wekundu. Mapafu na maini mabichi huweza kubeba malengelenge ya minyoo ya tegu, mbwa akiyala anaisambaza uani, na watoto ndio wanaoiokota. Robo kilo iliyokatwa vipande vidogo inatosha siku tatu au nne. Kama huna friji, tumia dagaa wakavu: suuza mara mbili kuondoa mchanga, chemsha dakika chache, anika tena, kisha katakata kila mmoja vipande viwili au vitatu.

Kosa la kawaida hapa ni kipande kikubwa. Mbwa akipewa mnofu wa kutafuna nusu dakika, anasahau alichofanya, na baada ya malipo sita ameshiba. Kipande kiwe cha kumeza mara moja. Utatumia arobaini au zaidi kwa siku, kwa hiyo punguza chakula chake cha jioni kwa kiasi hichohicho, na fundisha kabla hajala.

Mkanda wa shingoni uingize vidole viwili kati yake na shingo, si zaidi wala pungufu. Tafuta kamba mbili: moja ya mita 2 ya kutembelea, nyingine ya mita 8 hadi 10 ya kufundishia kuja. Kamba laini zinazouzwa kwa wavuvi pale sokoni Mwaloni, unene wa kidole cha mwisho, zinafaa sana. Hazioti ukungu na hazikatiki kirahisi. Katani inachuna viganja. Mnyororo usiutumie kufundishia: ni mzito, unapiga kelele, na kwa mbwa anayeshinda amefungwa, sauti yake tayari inamaanisha kifungo.

Maneno ya nyumba nzima

Baba anasema "kaa", dada wa kazi anasema "keti", mtoto aliyetoka shule anasema "siti", bibi anamwita kwa Kisukuma. Mbwa hajui kwamba hayo yote ni jambo moja. Kaeni jioni moja, chagueni maneno manne, yaandikeni kwenye karatasi na mwibandike jikoni. Mlinzi naye asomewe.

Yale yaliyochakaa yaacheni. Badala ya "njoo", ambalo uani kwetu linasemwa kutwa kwa watoto, tumia "Huku!" Badala ya "tulia" la kila dakika, tumia "Subiri". "Kaa" linaweza kubaki kama halijaharibika sana. Neno la nne ni la kumfungulia, yaani la kumwambia zoezi limekwisha: "Twende".

Juu ya hayo liko neno la tano ambalo si amri. Ni alama ya kumwambia mbwa "hicho ulichofanya sasa hivi ndicho ninacholipia". Liwe fupi, kali kidogo, na lisilosikika ovyo. "Safi" halifai, kwa sababu kila mgeni anayeulizwa "mambo?" atalitamka. "Tiki!" linafaa. Hutalisikia kwenye mazungumzo, na linakatika haraka.

Siku ya 1 na 2: Tiki na jina

Ingia naye chumbani, funga mlango, zima redio. Vipande ishirini viwe mfukoni au kwenye bakuli mezani, si mkononi. Usimwamuru kitu. Sema "Tiki!", kisha ndani ya sekunde moja mpe kipande. Ngoja sekunde tano hadi kumi. Rudia. Neno litangulie, mkono ufuate. Mkono ukitangulia, mbwa anatazama mfuko na neno halisikii kabisa. Vikiisha, acha. Rudia jioni.

Jaribio lake ni hili: mbwa akiwa anatazama dirishani, sema "Tiki!" Akigeuza kichwa kwa haraka kana kwamba ameitiwa chakula, alama imeshika. Akitulia tu, ongeza siku.

Jina lifundishwe kwa namna hiyohiyo. Sema jina lake, tuseme "Simba", mara moja, akikutazama, "Tiki!", lipa. Mara kumi asubuhi, kumi jioni. Na kuanzia leo jina lisitumike kugombeza. Mbwa anayesikia jina lake pale tu viatu vimetafunwa atajifunza kuondoka akiitwa.

Siku ya 3 hadi 5: Kaa

Shika kipande, kisogeze hadi puani mwake, kisha kipandishe polepole kupita katikati ya macho kuelekea kisogoni. Kichwa kikipanda, makalio yanashuka. Yakigusa sakafu tu, "Tiki!", lipa. Akiruka, mkono uko juu mno. Akirudi kinyumenyume, mfanyie karibu na ukuta.

Fanya hivyo mara tano ukiwa na chakula mkononi, kisha fanya mwendo uleule kwa mkono mtupu, malipo yatoke bakulini. Wengi hukwama hapa: wanashika chakula mwezi mzima, halafu wanashangaa mbwa hakai mpaka aone chakula. Neno "Kaa" liingie mwishoni, akishafuata mkono mtupu vizuri. Sema neno, ngoja sekunde moja, ndipo ufanye ishara. Baada ya kurudia mara ishirini hivi utaona anaanza kukaa kabla mkono haujasogea. Usimkandamize mgongo. Mbwa akisukumwa husukuma upande wa pili, na mwenye maumivu ya nyonga anaweza kukung'ata.

Kipimo cha kupanda na kushuka

Weka daftari. Fanya zoezi mara kumi na uhesabu. Akipata nane au zaidi, siku inayofuata ongeza ugumu. Akipata sita au saba, baki hapohapo. Akikosea mara mbili mfululizo, rahisisha mara moja, mpe ushindi mmoja mwepesi, na ufunge kipindi.

Ugumu una pande tatu: umbali, muda, na vishawishi vilivyopo jirani. Ongeza mmoja tu kwa wakati. Ukitoka chumbani kwenda uani, hilo tayari ni vishawishi, basi umbali na muda virudi chini kabisa. Hapa ndipo mafunzo mengi ya nyumbani huvunjika. Mbwa amekaa vizuri sebuleni siku tatu, mwenyewe anamtoa hadi barabarani, anamwambia "Kaa" mbele ya machinga, watoto na korongo anayepekua jalala. Mbwa hakai. Anaambiwa mkaidi, wakati ukweli ni kwamba "Kaa" ya barabarani hajawahi kufundishwa. Kwake sebule na barabara ni masomo mawili tofauti.

Wiki ya 2: Huku

Hili ndilo neno linalookoa maisha ya mbwa, hivyo lipewe malipo ya juu peke yake. Pafu na dagaa visionekane kwenye mazoezi mengine wiki hii.

Anzia ndani ya uzio. Funga kamba ndefu kwenye mkanda, iburuzike chini, na wewe uvae viatu usije ukajikwaa. Simama hatua mbili kutoka kwake. Sema "Huku!" mara moja, kwa sauti ya kufurahi, kisha rudi nyuma hatua tatu za haraka. Mbwa hufuata kinachokimbia. Akigeuka tu kuja, sema "Tiki!" palepale, usingoje afike, ule uamuzi wa kugeuka ndio unaoununua. Akifika, mkono mmoja ushike mkanda kwanza, ndipo mwingine utoe vipande vitatu, kimoja kimoja. Mpangilio huo una sababu yake. Mbwa anayelipwa kabla ya kushikwa hujifunza kunyakua na kuruka pembeni, na hapo utazunguka naye uani robo saa. Mbwa anayeshikwa kisha akalipwa anauleta mkanda mwenyewe mkononi.

Kisha sema "Twende" umwachie arudi kwenye shughuli zake. Kati ya mara tano unazomwita, mara nne arudi kucheza. Kwa jambo asilolipenda, iwe kuoga, dawa au kufungiwa bandani, mfuate alipo umshike mkanda. Neno lisitumike kabisa.

Asipokuja? Usirudie neno. Ukiita mara tano, unamfundisha kwamba neno ni "Huku huku huku huku huku", na linaanza kazi kwenye la tano. Okota kamba, punguza umbali kwa kumsogelea, piga makofi au chutama, akikutazama rudi nyuma. Akija, mlipe kama kawaida hata kama amekuudhi. Ukimpiga kofi alipofika, umepiga kufika kwake. Kosa lile la dakika mbili zilizopita yeye ameshaliacha.

Hatua mbili, kisha mita 5, kisha mita 8, kila moja kwa kipimo cha nane kati ya kumi. Vipindi vitatu vya dakika tano kwa siku vinazidi sana kimoja cha nusu saa. Na chagua saa: kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2, au baada ya saa 11 jioni. Majabali ya Mwanza yakishapigwa na jua hubaki na moto hata kivuli kikishaingia. Weka mgongo wa mkono wako juu ya jiwe kwa sekunde tano. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zinaungua. Mbwa anayekataa kukaa saa 8 mchana pengine anakataa jiwe, si amri.

Wiki ya 2 na 3: geti

Geti linastahili wiki nzima, kwa sababu mbwa wengi hugongwa palepale. Mkisikiliza vizuri mtagundua kinachomwasha si geti kufunguka. Ni komeo. Chuma kikisuguana na chuma, mbwa ameshafika na pua iko kwenye ufa. Basi zoezi lianzie kwenye sauti hiyo.

Mvalishe kamba ya mita 2, mtu wa pili aishike. Wewe simama getini, gusa komeo bila kulivuta. Mbwa atakuja mbio. Tulia, usiseme lolote. Akichoka kusimama akakaa, au hata akarudisha uzito nyuma, "Tiki!", mtupie kipande nyuma yake ili aondoke getini kukifuata. Rudia mpaka mguso wa komeo unamfanya akae badala ya kuja. Hiyo inaweza kuchukua siku mbili, na siku ya pili anaweza kubweka na kuparua geti zaidi ya alivyofanya siku ya kwanza. Usikate tamaa hapo. Mbinu iliyomlipa miaka yote imekoma kulipa, naye anaijaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha. Ukifungua geti wakati huo ili kupata utulivu, umemfundisha kuparua.

Kisha vuta komeo nusu. Halafu livute lote. Fungua geti shubiri moja. Akinyanyuka, rudisha geti taratibu, bila kumbana pua na bila kelele. Akikaa tena, fungua. Geti linakuwa kama mizani: makalio yakiwa chini linafunguka, yakiinuka linafunga. Shubiri, nusu, wazi kabisa. Sema "Subiri" ukiwa umeshapata shubiri bila kosa. Mwisho mtu apite, kisha mtu mwenye ndoo, kisha mtoto anayekimbia. Mbwa atoke pale tu anapoambiwa "Twende", akiwa kwenye kamba.

Kutembea bila kuvutana

Mbwa anavuta kwa sababu kuvuta kunamfikisha. Ondoa malipo hayo. Kamba ikikaza, simama kama nguzo, mkono ukiwa umebana tumboni. Ikilegea hata kidogo, katikati yake ikashuka, "Tiki!" na mnaendelea. Siku za kwanza mtatumia dakika kumi kwenda mita 20, na ndivyo inavyotakiwa. Kila akija usawa wa goti lako bila kuambiwa, mlipe pale gotini, upande uleule kila siku.

Mkikutana na mtu, mweke mbwa upande wa pili wako na fupisha kamba. Wapo majirani ambao mate ya mbwa yakiwagusa yanawalazimu kujitwaharisha kabla ya kuswali, na wapo watoto waliowahi kukimbizwa. Kupisha hatua mbili ni adabu yako wewe, hata kama mbwa ni mpole.

Fimbo

Usiitumie. Haihusiani na kumdekeza mbwa. Mbwa huunganisha maumivu na kilicho mbele yake muda huo. Anayechapwa kila mtoto wa jirani anapopita hasemi "nisibweke". Anasema mtoto akija, maumivu yanakuja. Na anayechapwa kwa kunguruma huacha kunguruma tu. Hasira inabaki, onyo limeondoka, na siku moja anang'ata bila sauti. Kunguruma ni taarifa. Ukiisikia, simamisha zoezi, ongeza nafasi, na tafuta kinachomsumbua.

Wanaoogopa kwamba mbwa wa ulinzi atapoteza ukali watulie. Ataendelea kubwekea mgeni wa saa 8 usiku. Tofauti ni kwamba utaweza kumwita akarudi.

Wiki ya 4: nje, kamba ikiwa bado shingoni

Hamia mtaa usio na pilika, kisha wenye pilika kidogo. Kila mahali papya anzia hatua mbili, hata kama uani alifika mita 10. Mazoezi ya ufukweni yafanyike mbali na matete, maana ndiko mamba na viboko hujificha, na usiingie majini naye kwa sababu ya kichocho. Malipo yaanze kupungua kwa yale anayoyaweza: lipa mara moja kati ya mbili, kisha bila utaratibu. "Huku" peke yake iendelee kulipwa kila mara.

Mtihani mgumu kuliko yote uko juu ya mawe: wale mijusi wa majabalini, madume wenye kichwa chekundu na mwili wa buluu. Mbwa akimwona mmoja anatikisa kichwa juu ya jiwe, masikio yanasimama, mguu mmoja unainuka, na ulimwengu mwingine wote umefungwa. Usimwite akiwa hatua tatu kutoka pale. Utashindwa na neno litachakaa upya. Anzia mita 20, kamba mkononi. Mwache atazame. Atapumua, sikio moja litageuka kidogo upande wako. Hapo ndipo useme "Huku!" na urudi nyuma. Akija, toa vipande vitano, kisha sema "Twende" na umrudishe amtazame mjusi tena akiwa kwenye kamba. Kesho iwe mita 18. Kamba ndefu isitoke shingoni mpaka apate nane kati ya kumi akiwa mita 5 kutoka kwenye jiwe hilo, kwa siku tatu tofauti.